Shemeji Yangu Langoni

Jumatatu, 5 Agosti
Mazoezi ya kwanza ya msimu. Uwanja ni vumbi tupu, tangu Mei haujaonja tone. Kocha wa makipa ametugawia madaftari, kila mmoja aandike makosa yake ya siku. Mimi ni kipa namba moja wa timu hii mwaka wa tisa sasa, nina miaka thelathini na minne, makosa yangu nayajua kwa moyo. Lakini nimepewa daftari, basi naandika.

Kipa wa pili ni mgeni, na mgeni mwenyewe ni mdogo wake mke wangu. Ana miaka ishirini na miwili, mikono mirefu kama ya kuazima. Mimi ndiye niliyempeleka kwa kocha. Mke wangu amenisihi miaka mitatu: "Baba watoto, mdogo wangu anaozea kwenye ligi za mitaani, na wewe una mlango wa kumfungulia." Nimeufungua. Leo kila mtu ananipongeza kwa roho yangu nzuri.

Ukweli nauandika hapa, maana daftari halina mdomo. Kocha alitaka kipa wa pili, nami nilitaka asiyenifikia. Mwaka jana nilimwona shemeji akidondosha krosi tatu katika mechi moja. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Analala kwenye kochi sebuleni, nyayo zikining'inia nje.

Jumamosi, 17 Agosti
Mechi ya kwanza. Tumeshinda moja bila. Shemeji alinishikia chupa ya maji.

Alhamisi, 29 Agosti
Hadondoshi krosi tena. Nani kamfundisha? Mimi. Anauliza kama mtoto wa darasa la kwanza: "Shemeji, kona ikitokea kushoto unasimama wapi? Shemeji, unaita beki kabla au baada ya kutoka?" Kocha wa makipa husimama pembeni akisikiliza, ningefanyaje? Namjibu, na majibu yangu ni mazuri, na yeye hasahau hata moja.

Jumamosi, 14 Septemba
Mpira umenipita katikati ya miguu, shuti la mtoto. Sare. Mashabiki huniita Komeo. Leo beki wetu wa kati, ambaye hawezi kumwona mtu ameumia asimtanie, aliniambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo: "Komeo, leo ulitoka ukasahau kufunga?" Wakacheka wote isipokuwa shemeji. Afadhali angecheka.

Jumatano, 18 Septemba
Kidole cha kati kimeteguka mazoezini. Daktari wa timu kakirudisha mahali pake, nikaona nyota mchana. Wiki tatu nje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuja kwangu kuuliza.

Jumamosi, 21 Septemba
Nimefanya jambo la aibu na nitaliandika lilivyo.

Asubuhi shemeji alikuja jikoni, kikombe mkononi. Mechi yake ya kwanza. "Shemeji, mpiga penalti wao hupenda wapi?" Yule mtu nimekutana naye mara sita. Hupeleka mpira kulia kwa kipa, mara sita kati ya sita.

Nikamwambia, "Kushoto kwako. Ruka mapema, usingoje."

Dakika ya sabini na moja, sifuri kwa sifuri, refa akaonyesha penalti. Nilikuwa benchi na kidole changu kwenye bandeji. Shemeji akaruka kushoto, mapema, kama nilivyomwambia. Na yule mtu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapiga kushoto. Mpira haukutemwa. Ulinasa mikononi kama sumaku na chuma, na jukwaa zima likapata jina la kumwita hapo hapo.

Mwisho wa mechi wakamzunguka na vinasa sauti. Akaninyooshea kidole: "Shemeji ndiye aliyeniambia niruke wapi. Bila yeye mimi si kitu." Kocha akanipiga begani. Beki wa utani akanikumbatia. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumapili, 22 Septemba
Mama mkwe kapiga simu. Kanishukuru, kaniombea maisha marefu. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi. Nimekwenda kuoga kwa muda mrefu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kidole kimepona tangu Jumanne. Kocha kaniita ofisini, kazunguka na kalamu mkononi, halafu: "Mzee, timu inayoshinda haiguswi. Unanielewa?" Nikasema nimemwelewa. Tangu lini nikawa mzee?

Jumamosi, 19 Oktoba
Benchi. Mbili bila.

Jumamosi, 26 Oktoba
Benchi. Moja bila.

Jumamosi, 2 Novemba
Benchi. Tatu bila. Jina lake lina silabi tatu, linaimbika vizuri. Su-ma-ku. Langu pia lina tatu. Sikumbuki lini liliimbwa.

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua zimeanza. Uwanja wa mazoezi umekuwa tope la kufinyangia vyungu.

Leo niliporudi nilimkuta mke wangu anafua glavu za shemeji kwa mikono, taratibu, kwa ile sabuni laini ya watoto. Miaka tisa zangu hufuliwa pamoja na soksi. Nikamwuliza, "Za kwangu mbona hujawahi?" Akasema, "Hujawahi kuniomba." Ni kweli, sijawahi. Lakini yeye kaomba? Nikamwuliza hilo pia. Akaacha kufua, akanitazama. "Baba watoto, unaona wivu wa glavu?"

Ya glavu si kitu. Binti yetu mkubwa kachora kipa shuleni, kamfanya mrefu kufika juu ya karatasi. Nikauliza kwa furaha, huyu ni nani? "Mjomba." Na fundi viatu wa pale kona, niliyempelekea njumu zangu miaka yote, ameziweka chini ya meza, za shemeji ziko juu.

Na ubaya wake, kijana hana ubaya. Hunipisha mlangoni. Haketi kwenye kiti changu hata nisipokuwepo. Angekuwa na kiburi ningepumua.

Jumamosi, 23 Novemba
Mvua kubwa, mpira hauendi. Dakika ya thelathini shemeji alijirusha miguuni mwa straika wao, goti likampata kichwani upande wa kulia. Nilisikia ule mlio kutoka benchi. Nilikuwa nimevaa glavu kabla daktari hajafika kwake. Nasema tena: kabla daktari hajafika, mimi nilikuwa nakaza mikanda ya glavu.

Aliinuka. Akamaliza mechi. Jukwaa likaimba hadi sauti zikakauka.

Jumatatu, 25 Novemba
Asubuhi nimemsikia akitapika bafuni, kafungulia bomba ili tusisikie. Mezani alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai kilichokuwa kushoto kwake, akakikosa kwa upana wa kiganja. Akacheka. Mke wangu alikuwa amekwisha kwenda kufundisha, watoto shule. Tulikuwa wawili.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu, shemeji. Usingizi."

"Umetapika."

Akasukuma kikombe. "Usimwambie dada. Nakuomba. Na daktari usimwambie. Tarehe saba wanakuja wale watu wa klabu ya ng'ambo kuniangalia. Wiki mbili tu. Nikishapita hapo nitalala hata mwezi."

"Na ukizidiwa?"

"Sizidiwi. Shemeji, wewe unajua maana ya nafasi moja."

Najua. Nilikuwa na umri wake walipokuja watu kama hao kuniangalia mimi. Siku hiyo nilifungwa manne. Nikamwambia, "Haya. Sisemi."

Jumamosi, 30 Novemba
Kafungwa mawili, yote kushoto kwake, ya mbali, ya kushika kwa mkono mmoja. Hakuuona mpira ulipotoka. Wengine wanasema ni utelezi.

Nilifurahi. Goli la pili lilipoingia, kitu kilipasuka kifuani kwangu kikatoa joto. Halafu nikamwona anasugua jicho kwa mgongo wa glavu, na joto halikuondoka. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 3 Desemba
Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mke wangu anadhani ni mambo ya ustaa, anamtania.

Nimekwenda hadi mlango wa chumba cha daktari wa timu. Nimeshika kitasa, nikarudi. Nikisema, watasema Komeo anataka lango lake. Na watakuwa wamekosea? Sijui. Nimejipeleleza kama polisi na sijapata jibu. Nikinyamaza, nanyamaza kwa sababu nimemwahidi, au kwa sababu nangoja aanguke mwenyewe, mbele ya wageni, mikono yangu ikiwa safi?

Jumatano, 4 Desemba
Mvua. Alikosea mlango wa bafuni, akagonga bega la kushoto kwenye fremu. Akaomba radhi kwa mlango.

Ijumaa, 6 Desemba
Naandika nikiwa kambini.

Asubuhi nilikwenda kwa daktari, safari hii nikaingia. Nikamweleza yote: kutapika, kikombe, jicho. Alinisikiliza akipanga chupa zake kabatini. Mwisho akauliza, "Wewe ndiye unayechukua nafasi yake, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sawa."

Wakamwita. Kocha naye akaja. Daktari akamwambia afuate kidole kwa macho, asimame kwa mguu mmoja, ataje siku ya leo. Shemeji alijitahidi. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Aligeuza kichwa kizima kufuata kile kidole, nami nikasema, "Anageuza kichwa, mwone, hageuzi macho." Kocha akanyanyua mkono kuninyamazisha. Wageni walikuwa tayari hotelini. Hakuna aliyetaka kuona, ila mimi, na mimi nilikuwa sina haki ya kuona.

"Sioni tatizo la kumzuia," daktari akasema.

Tukiwa ukumbini kocha akanivuta pembeni. "Mzee, mengine nilidhani unaweza. Hili sikulitegemea kwako." Shemeji akapita karibu yetu. Hakunitukana. Alisema tu, "Uliniahidi," akaenda.

Saa nane mchana nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa karudi kutoka shuleni, anakunja nguo sebuleni. Shemeji alikuwa amemwambia kabla yangu, kwa simu.

"Umeniaibisha," akaanza. Hakupaza sauti, akikasirika husema kama anayesoma imla. "Mdogo wangu anakula kwako, analala kwako, anakuita mwalimu wake kwenye redio. Na wewe siku moja kabla ya riziki yake unakwenda kumchongea. Tangu kidole kile, hujamsifu hata mara moja. Ni wivu umekutafuna."

"Ndiyo," nikasema.

Alikuwa amejitayarishia ubishi.

"Ndiyo, ni wivu. Nilimleta hapa kwa sababu nilidhani hajui kitu. Ile penalti nilimdanganya. Nilijua hupigwa kulia, nikamwambia kushoto ili afungwe. Alipoumizwa nilivaa glavu. Jumamosi alipofungwa nilifurahi. Yote hayo nimeyafanya. Sasa niulize kwa nini nakwambia."

Hakuuliza. Alikuwa kashika jozi ya soksi aliyoiviringa kama mpira, hajui aiweke wapi.

"Kwa sababu mtu wa kujitetea hasemi hayo. Mdogo wako haoni upande wa kushoto. Usiniamini mimi, mtazame mwenyewe."

Hasira haikumtoka, niliiona imekaa pale pale, ila kitu kingine kilikuja kikakaa karibu nayo. Shemeji aliingia kuchukua begi la kambini, miwani usoni. Akatusalimu kwa kichwa, akageukia dirisha kutafuta njumu zake. Dada yake alikuwa kushoto kwake, hatua nne.

"Shika," akasema, akarusha zile soksi.

Zilikwenda polepole, mtoto angezidaka. Mikono ile iliyoimbwa na uwanja mzima haikuinuka. Soksi zikampiga shavuni, miwani ikapinda. Akageuka kwa mshtuko, akatutazama, akatazama sakafuni, na nadhani ndipo alipojua mwenyewe ni kiasi gani haoni.

"Dada," akasema, "kesho tu. Nicheze kesho tu."

"Vaa viatu," mke wangu akamwambia. "Twende hospitali."

"Dada, wale watu—"

"Vaa viatu, mwanangu." Hajawahi kumwita hivyo mbele yangu.

Aliponipita mlangoni hakunipisha. Alinigonga kwa bega, kwa makusudi, la kulia.

Saa kumi na moja simu ikaja. Damu ilikuwa inavuja taratibu chini ya fuvu, siku kumi na tatu. Wanamfanyia upasuaji leo hii hii. Daktari wa hospitali alimwambia mke wangu kwamba angecheza kesho, kugongwa kidogo tu kungetosha, angetolewa uwanjani amefunikwa.

Kocha kaniita mbele ya wenzangu: "Mzee, kesho ni wewe." Hakunitazama usoni, na daktari wa timu hakuja kula chakula cha jioni.

Jumamosi, 7 Desemba
Upasuaji umekwenda vizuri, kaamka. Tumeshinda moja bila. Sijawahi kudaka hivi tangu nizaliwe. Nilitoa mpira mmoja kwa ncha za vidole, ukagonga nguzo. Baada ya mechi nilimsikia mmoja wa wageni akimwuliza kocha: "Na yule kijana, atapona lini?" Alikuwa ameuona mchezo wangu wote na swali lake lilikuwa hilo.

Namwonea wivu mgonjwa. Mungu anisamehe.

Jumapili, 8 Desemba
Nimekwenda hospitali. Aligeukia ukutani. Mama mkwe alikuwepo, akanipa kiti bila kuniambia karibu. Mke wangu kasimama katikati yetu kama refa.

Jumamosi, 11 Januari
Habari zimevuja, kwamba Komeo alimchongea Sumaku. Nusu ya habari huenda kwa kasi kuliko nzima. Nilipoingia uwanjani jukwaa la mashariki lilizomea. Tumeshinda.

Jumamosi, 18 Januari
Tumeshinda. Wamezomea.

Jumamosi, 25 Januari
Sare. Wamezomea. Beki wa utani alinijia baada ya mechi, safari hii bila utani: "Mzee, mimi ningenyamaza. Nakwambia ukweli, ningenyamaza." Nimetembea na maneno hayo hadi nyumbani.

Jumatano, 19 Februari
Shemeji karudi kwetu, nywele zinaota juu ya kovu. Anaongea na watoto, anaongea na dada yake. Mimi hunisalimia kama mwenye duka.

Mke wangu kamwambia habari ya penalti. Nilimwomba asiseme, akajibu, "Siri zilitosha." Shemeji alinitafuta uani nilipokuwa naanika nguo.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kumbe ile sifa ilikuwa yangu peke yangu." Akafikiri. "Miezi yote nilikuwa nakugawia."

Alicheka kidogo, na kicheko hicho kilinichoma kuliko matusi.

Ijumaa, 14 Machi
Daktari wa macho katoa neno la mwisho. Upande wa kushoto umerudi nusu na hautarudi zaidi. Mpira wa kulipwa basi tena. Alilisikia kwa utulivu, akamshukuru daktari, akatoka, akakaa kwenye ngazi za hospitali, na dada yake akakaa naye. Mimi nilisimama chini nikiwasubiri na gari. Nilitaka kupanda niwaendee. Sikupanda, nilijua hakuna neno langu ambalo lingefika kwake likiwa safi.

Jumamosi, 5 Aprili
Mvua za masika. Moja bila. Hawakuzomea, hawakushangilia. Nimeosha glavu zangu mwenyewe kwa mikono. Si kazi ngumu.

Jumamosi, 24 Mei
Mechi ya mwisho. Tumemaliza wa pili. Klabu ilimleta shemeji uwanjani kuagwa rasmi, akazunguka na jezi yake, watu elfu kadhaa wakaimba silabi zile tatu. Hawakuacha mechi ilipoanza. Dakika tisini nilidaka nikisikia jina la mtu mwingine. Dakika ya themanini nikauliza moyo wangu: bado tu? Ukajibu: bado. Nikaenda kupiga mpira wa goli.

Jumapili, 25 Mei
Leo ameondoka. Anarudi kwa mama yake. Shule ya kule imempa kazi ya kufundisha michezo. Mke wangu alilia, watoto wakamning'inia shingoni. Nilimbebea begi hadi kwenye basi, tukasimama mlangoni wakati wengine wanapanda.

Aliniambia, "Shemeji, nina jambo nimelitafutia maneno tangu Desemba. Kila asubuhi nikifumbua macho na kuona mwanga, najua ni kwa sababu yako. Na kila nikiona watoto wanacheza mpira na mimi natazama tu, najua ni kwa sababu yako pia. Nakushukuru, na sijakusamehe. Nimejaribu kuliacha moja, nimeshindwa."

Nilitaka kumwambia kwamba goti ndilo lililomwumiza, si mimi. Nilitaka kumwambia kwamba ningesema siku ile ya kikombe, huenda jicho lingepona lote. Hili la pili nililisema.

"Najua," akajibu. "Dada alishaniambia. Lakini nilikuomba mimi mwenyewe unyamaze, basi hilo tugawane."

Akanyoosha mkono. Nikaushika. Kiganja kilikuwa kikavu na kikubwa, kimekizunguka changu chote, na nikawaza, hata sasa, Mola wangu, nikawaza: mikono gani hii alipewa mtu huyu.

Nikamwambia hivyo. Kwa sauti, mbele ya kondakta na abiria: "Shemeji, sijawahi kuona mikono kama yako. Hata ya kwangu haikuwahi kufika hapo."

Aliniangalia muda mrefu, akigeuza kichwa kidogo ili anione wote, halafu akapanda.